Dodoso la kishikwambi kliniki ya watoto: majibu yatumike kabla mama hajaondoka

Wanaoniuliza ni wengi na swali ni lile lile. Kituo cha afya cha kijijini kimeahidiwa vishikwambi, au tayari vimo kabatini, na wahudumu wametakiwa waanze kuwauliza wazazi maswali kwenye kliniki ya watoto. Tuanzie wapi? Wengine walishaanza, na sasa wanauliza kwa nini wazazi wanachoka, wauguzi wananung'unika, na majibu yakishatumwa hayarudi tena kumfaa mtu.

Nitajibu kwa kutumia kijiji kimoja, Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, baina ya Paje na Michamvi. Aliye Nungwi, Wete, Kilwa au Lamu atabadilisha majina na tarehe za maji. Mengine yatamfaa kama yalivyo.

Jibu langu ni hili: usiweke kwenye kishikwambi swali ambalo jibu lake halitabadilisha kitu kwa mtoto yule siku ile ile, au kwa kituo ndani ya wiki ile. Swali la namna hiyo linakula muda wa mama mwenye mtoto mgonjwa mapajani, na hakuna anachopata badala yake.

## Yaliyokwisha kufanyika hapa kwetu

Kabla ya kuita mtaalamu kutoka nje, jueni kwamba Zanzibar si mgeni wa mambo haya.

- Wired Mothers, 2009 hadi 2010. Vituo 24 vya Unguja, wajawazito 2,550. Nusu ya vituo viliwatumia wajawazito ujumbe mfupi wa simu na kuwapa vocha ya kupiga kituoni. Mahudhurio ya kliniki yaliongezeka. Kujifungua mbele ya mkunga mwenye ujuzi kuliongezeka kwa wanawake wa mjini; kwa wa shamba faida hiyo haikuonekana. Mtu wa Bwejuu azingatie hapo: kinachofaa Kikwajuni, mjini, hakifai shamba mpaka kirekebishwe.
- Jamii ni Afya. Wajitolea wa afya wa shehia, zaidi ya 2,000, wanapita nyumba kwa nyumba na simu zinazowaongoza nini cha kuuliza na nini cha kumshauri mama. Ni programu ya Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la D-tree, na imefika wilaya zote 11. Kwa hiyo mama unayemwona kwenye benchi huenda ameshaulizwa nusu ya maswali yako, akiwa kwake. Kaa na mjitolea wa shehia kwanza ujue anauliza nini.
- Pemba. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, Wawi, ilikuwa moja ya sehemu tatu za mwanzo duniani zilizojaribu vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya makuzi ya watoto wadogo, vinavyoitwa GSED; nyingine zilikuwa Bangladesh na Pakistan. Maswali yake ni mengi, zaidi ya mia, lakini mzazi haulizwi yote: programu inaanzia pale panapolingana na umri wa mtoto na inajua pa kusita. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kishikwambi juu ya karatasi.
- Mtwara, upande wa Bara. Miaka ya 2007 na 2008 wahudumu wa huko walijaribu kifaa cha mkononi kilichowaongoza hatua kwa hatua katika mwongozo wa kutibu watoto chini ya miaka mitano. Walifuata hatua nyingi zaidi kuliko walipotegemea kitabu.

Na tangu Sensa ya Agosti 2022, kishikwambi si kitu cha kutisha kijijini. Karibu kila kaya imekaa barazani ikajibu maswali ya karani aliyekishika. Ila wazee wengi waliondoka na fikra kwamba kishikwambi ni cha serikali kuhesabu watu. Waelezeni mapema kwamba hiki ni cha kumwangalia mtoto.

## Chagueni shida moja

Kosa la kwanza, na ndilo linaloua kazi nyingi, ni kuanza na kila kitu: lishe, chanjo, vyandarua, choo cha nyumbani, kipato cha baba, na mama ameridhika na huduma kwa kiwango gani.

Fanyeni hesabu. Maswali 40, kila moja nusu dakika, ni dakika 20 kwa mtoto mmoja. Watoto 30 kwa siku ni saa kumi. Hakuna kituo cha kijiji chenye saa hizo. Maswali saba ni dakika tatu na nusu kwa mtoto, na watoto 30 wanakwisha chini ya saa mbili.

Kaeni watatu au wanne, dhamana wa kituo, muuguzi wa kliniki, mjitolea wa shehia na mama mmoja anayesikilizwa na wenzake, mkubaliane shida moja. Kwa mfano:

- watoto wenye dalili za hatari wanakaa foleni na waliokuja kupimwa uzito tu;
- watoto waliopungua uzito hawafuatiliwi mpaka kliniki ijayo;
- waliokosa chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 hawajulikani ni nani;
- mama anaondoka na dawa bila kujua atampa mtoto vipi.

Ushauri wangu ni kuanza na ya kwanza. Inaonekana kwa macho, faida yake inapatikana siku ile ile, na muuguzi akishaona mtoto mmoja ametolewa benchini akapelekwa ndani kwa sababu ya swali la tatu, hutahitaji kumshawishi tena.

## Maswali yenyewe

Hili ni dodoso la foleni. Linaulizwa mara mtoto anapofika, kabla ya mizani.

1. Wewe ni nani kwa mtoto huyu? (mama, baba, bibi, shangazi, mwengine)
2. Umri wa mtoto. (Usiulize, nakili tarehe ya kuzaliwa kutoka kadi ya kliniki.)
3. Tokea asubuhi mtoto amenyonya, au amekunywa chochote?
4. Anatapika kila anachopewa?
5. Katika maradhi haya amepata degedege, amekakamaa au amerusharusha viungo?
6. (Muulizaji atazame mwenyewe.) Mtoto amelegea, haamki, au hatazami anapoitwa?
7. Kuna jambo la mtoto linalokutia wasiwasi ambalo sijakuuliza?

La tatu mpaka la sita ni dalili za hatari zile zile zilizomo kwenye mwongozo wa watoto chini ya miaka mitano. Mimi sijabuni kitu. La saba liacheni wazi, msiliwekee orodha ya kuchagua. Mama husema mengi pale.

Swali la kwanza watu hulidharau. Bwejuu mtoto haletwi na mama yake kila siku. Mama yuko kwenye mwani, au kazini hotelini Paje, na bibi ndiye aliyembeba. Bibi atajua kama mtoto ametapika asubuhi, lakini huenda hajui alinyonya usiku mara ngapi. Jibu la "ndiyo" kutoka kwa mtu asiyejua ni baya kuliko kukosa jibu, basi kila swali liwe na nafasi ya "hajui".

## Namna ya kuuliza

Mzazi wa Unguja akiulizwa "Mtoto hajambo?" atajibu "Hajambo, alhamdulillahi", hata kama mtoto amekesha akilia. Hiyo ni adabu, na ni shukrani kwa Mungu. Hakukusudia kukuficha kitu. Ukimuuliza ameridhika na huduma kwa kiwango gani, kutoka moja mpaka tano, atakupa tano kwa sababu uliyeuliza umekaa mbele yake na kesho atakuhitaji tena.

Kwa hiyo ulizeni mambo yaliyotokea, msiulize hali kwa jumla:

- Badala ya "Anakula vizuri?", uliza "Jana mchana alikula nini?"
- Badala ya "Ulisubiri sana?", uliza "Ulifika kabla ya nani na ukaingia saa ngapi?" Asiyetazama saa atakwambia ilikuwa kabla au baada ya adhuhuri, na hiyo inatosha.
- Badala ya "Umeelewa maelezo ya dawa?", mpe chupa na kijiko umwambie "Nionyeshe utakavyompa leo usiku."

Yasomeni maswali kwa sauti mbele ya wazazi watano au sita wa kijijini kabla ya kuyaingiza kwenye kifaa. Dodoso lililoandikwa Dar es Salaam linaweza kuwa na maneno ambayo bibi wa Kusini Unguja hayasemi hivyo. Akisita, au akirudia swali kwa maneno yake, chukueni maneno yake.

## Kalenda ya bahari

Hili hulikuti kwenye miongozo, na kwa vijiji vya pwani ya mashariki naliona kubwa kuliko aina ya kifaa.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Kazi yao hufuata bamvua, siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali kabisa. Kwetu maji ya bamvua hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Ni saa ile ile kliniki inapopamba moto.

Matokeo yake:

- Siku za bamvua wazazi ni wachache na walioleta watoto ni bibi na dada wakubwa. Foleni ni fupi.
- Siku za maji mafu, yasipokupwa mbali, mama wote wanakuja pamoja. Foleni ni ndefu.
- Mkubwa wa mradi aliye mjini anaona kwenye chati kwamba wiki hii muda wa kusubiri umepungua, anapongeza. Wiki ijayo umeongezeka, analaumu. Kumbe hakuna kilichobadilika kituoni.

Dawa yake ni rahisi. Dodoso lijaze tarehe lenyewe, na muuguzi aweke alama ya bamvua au maji mafu. Linganisheni bamvua na bamvua. Msianze majaribio siku ya bamvua. Na mkitaka kuzungumza na akina mama wa mwani wenyewe, wapangieni saa nane mchana maji yakishapanda, au kliniki ya siku hizo ifunguliwe mapema zaidi. Ramadhani nayo hubadilisha saa za watu, kwa hiyo hesabu zake zikae peke yake.

## Nani ashike kifaa

Msimpe mama ajaze mwenyewe. Ana mtoto mkono mmoja, kadi mkono mwengine, na pengine amesahau miwani. Aulize mtu, asome kwa sauti ya chini, abonyeze yeye.

Mtu huyo awe:

- mwanamke, kwa maswali ya kunyonyesha;
- amefunzwa kutambua dalili za hatari, hata kama si muuguzi;
- huru kunyanyuka na kumwita daktari bila kuomba ruhusa.

Mkimteua mjitolea, msimteue jirani wa karibu wa nusu ya foleni, kama mna hiari. Kwenye kijiji ambacho kila mtu ni shangazi au binamu, benchi halina siri. Maswali saba niliyoyaandika yanaweza kuulizwa benchini. Maswali ya virusi vya Ukimwi, ugomvi wa nyumbani au uzazi wa mpango hayaulizwi pale kamwe. Yapelekeni chumbani, mlango ukiwa umefungwa, au msiyaulize.

## Jibu likija, nini kifanyike

Dodoso bila amri ni daftari ghali. Kila jibu la hatari, na kila kipimo cha joto au utepe kitakachofuata, kiandikiwe kitendo, na kitendo kionekane kwenye kioo kwa herufi kubwa:

- "Hapana" kwenye swali la 3, au "ndiyo" kwenye la 4, 5 au 6: mtoto atoke foleni sasa hivi, aonwe na daktari. Muulizaji ampeleke mwenyewe, asimwelekeze mlango. Hili la 3 likijibiwa "hajui", mtoto ajaribiwe kunyonyeshwa au kupewa maji pale pale.
- Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 37.5 au zaidi: vivyo hivyo, hata kama anaonekana mzima.
- Utepe wa mkono chini ya milimita 115, mtoto wa miezi 6 hadi 59: utapiamlo mkali, aanze matibabu au rufaa leo.
- Utepe kati ya 115 na chini ya 125: jina liingie orodha ya ufuatiliaji, na mjitolea wa shehia apewe siku ile ile.
- Swali la 7 lenye neno lolote: daktari alisome kabla ya kumtazama mtoto.

Programu izuie makosa ya vidole. Uzito wa kilo 85 kwa mtoto wa miezi minane usikubalike. Iulize tena kama ni 8.5. ODK na KoboToolbox, ambazo watu wengi wa Afrika Mashariki wanazijua, zinaweza kufanya yote haya na kufanya kazi bila mtandao. Lakini kama Wizara tayari ina mfumo kwenye kituo chenu, msilete wa pili. Ombeni maswali yenu yaongezwe kwenye uliopo.

## Karatasi ziachwe lini

Manung'uniko makubwa ya wauguzi hayahusu kishikwambi chenyewe. Wanachokilalamikia ni kuandika jambo moja mara tatu: kwenye kadi ya mtoto, kwenye rejista, kisha kwenye kifaa. Tanzania Bara ilipoanzisha rejista ya kielektroniki ya chanjo, ikianzia Arusha, mzigo huo wa kuandika zaidi ya mara moja ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha wahudumu. Wana haki.

Pangeni hivi:

- Wiki mbili za mwanzo, karatasi na kifaa pamoja, ili mlinganishe.
- Mwisho wa wiki ya pili, chukueni watoto 20 mtazame kama majibu yanafanana.
- Yakifanana, karatasi ya maswali haya iachwe, kwa idhini ya maandishi ya aliye juu yenu.
- Kadi ya kliniki ya mtoto haiachwi. Hiyo ni ya mama, na ndiyo anayokwenda nayo hospitali ya Makunduchi au Mnazi Mmoja akipewa rufaa.

Mkuu akikataa karatasi iachwe, basi punguzeni maswali ya kifaa. Msimwongezee muuguzi kazi huku mkimwambia mmemrahisishia.

## Ruhusa na siri za mtoto

Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo mlango wenu wa kwanza ni Wizara ya Afya Zanzibar, kupitia wilaya. Kama mnachokusanya ni utafiti na si huduma ya kila siku, pitieni Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar mpate idhini ya maadili kabla ya swali la kwanza. Sheha aelezwe kabla ya wazazi kuelezwa. Akisikia habari ya vishikwambi kutoka barazani, mtarudi nyuma mwezi mzima.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inazihesabu taarifa za watoto na za afya kuwa nyeti. Hata pale mtakapobishana juu ya mipaka yake kwa Zanzibar, ichukueni kama kiwango cha chini cha adabu ya kazi.

Makosa ninayoyaona zaidi:

- Picha ya kadi ya mtoto kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi "kwa haraka". Isitumwe.
- Kishikwambi kimoja, neno la siri moja, limeandikwa kwa kalamu nyuma ya kifaa.
- Ujumbe wa simu kuhusu mtoto kutumwa kwa namba iliyo kwenye kadi. Namba ile mara nyingi ni ya mume, au ya jirani mwenye chaji. Muulizeni mama kwanza nani anashika simu ile, na ujumbe useme tu "Njoo kliniki Jumanne", usitaje ugonjwa.
- Mama kuambiwa "ni lazima ujibu". Si lazima. Akikataa, mtoto anatibiwa kama wenzake, na muulizaji hakunji uso.

## Umeme, bando na chumvi

Kisiwa hiki kimeshakaa gizani tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Walioipitia miezi ile hawahitaji kuhubiriwa. Tafuteni kifaa kinachohifadhi majibu ndani na kutuma baadaye, chaja mbili, na betri ya akiba. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, ukiisha katikati ya kliniki, kazi iendelee; na pawepo daima fomu 50 za karatasi zenye maswali yale yale saba kwa siku ambayo kila kitu kimegoma.

Bando la intaneti liwe na mwenye kulipa, jina lake liandikwe. Wauguzi wakianza kutuma majibu kwa bando la mfukoni mwao, mwezi wa pili hayatatumwa tena.

Hewa ya bahari na mchanga mwembamba wa pwani yetu huingia kwenye tundu la chaja. Mfuko wa plastiki unaobana unatosha, na kitambaa kikavu cha kufutia kila jioni. Kioo kifutwe kwa dawa baina ya mtoto na mtoto, kwani vidole vilivyomshika mwenye kuharisha ndivyo vitakavyomfikia anayefuata.

## Mashaka mnayoniletea

"Mfadhili anataka maswali 60." Mwambieni ukweli kwa hesabu ya saa niliyoiweka juu. Akishikilia, mpeni maswali yake siku moja kwa mwezi, kwa wazazi wachache waliokubali, baada ya watoto wao kutibiwa. Yasiingie kwenye foleni ya wagonjwa.

"Tunataka kujua kama wazazi wanaridhika." Mnafanya vizuri kutaka. Lakini asiulize muuguzi aliyewahudumia, na isiwe ndani ya kituo. Mjitolea aulize nyumbani siku mbili baadaye, maswali matatu tu: nini kilikusaidia, nini kilikuudhi, dawa umempa mtoto au bado.

"Kifaa kitamfanya muuguzi amtazame mtoto kidogo." Shaka hii ina ukweli, na ndiyo maana swali la sita halina mtu wa kulijibu isipokuwa macho ya muulizaji. Mfundisheni aanze kwa salamu na kumtazama mtoto, kifaa kikiwa magotini, ndipo akinyanyue.

"Dhamana wetu amehamishwa na kazi imekufa." Basi kazi ilikuwa ya mtu mmoja. Tangu siku ya kwanza wafundisheni watu watatu, mmoja wao awe mkaazi wa kijiji asiyehamishika.

"Majibu yanakwenda mjini, sisi hatuyaoni." Msikubali. Kabla ya kutia saini makubaliano yoyote, andikeni kwamba kituo kitaona majibu yake yote, bila kuomba. Kila Alhamisi dhamana asome hesabu tatu mbele ya wenzake: wangapi walitolewa foleni, wangapi walistahili kutolewa wakaachwa, na wangapi wa orodha ya ufuatiliaji wametembelewa. Hesabu hizo zibandikwe ukutani, bila majina, pale wazazi wanapokaa.

## Lini mlizime

Wekeni tarehe ya kulipima, miezi mitatu tokea kuanza, na muiandike kabla hamjaanza. Siku hiyo ikifika, fungueni orodha mtafute watoto ambao mambo yao yalikwenda tofauti kwa sababu ya jibu lililoingizwa: aliyewahishwa kwa daktari, aliyepelekwa Makunduchi, aliyetembelewa nyumbani akarudi kliniki. Mkiwapata, ongezeni shida ya pili na maswali yake machache. Swali ambalo kwa miezi mitatu halijamwondoa mtu kwenye kiti lifuteni. Na kama hamkumpata hata mtoto mmoja, zimeni dodoso lote, vishikwambi virudi wilayani, na zile dakika tatu na nusu za kila mtoto mumpe muuguzi amtazame mtoto kwa utulivu.